Nyuma ya Ngoma: Kamera Ilivyochelewa Kufika Ugogo

Mwaka 1967 D. A. Pennebaker alitoa Dont Look Back, filamu iliyomfuata Bob Dylan katika ziara yake ya Uingereza, kwenye vyumba vya hoteli na nyuma ya majukwaa. Mwaka 1981 Penelope Spheeris akaigeuzia kamera jamii ya panki ya Los Angeles. Tangu hapo bendi nyingi za magitaa, hata zile changa, zimejitengenezea filamu ya nyuma ya pazia: mazoezi, ugomvi, safari, uchovu. Kijana wa Majengo, Dodoma, anaweza kuzitazama kwenye simu akiwa kwenye meza yake sokoni. Akitafuta filamu ya aina hiyo kuhusu wanamuziki wa mkoa wake, atapata chache mno.

Si kwamba Ugogo haukutembelewa. Reli ya Wajerumani iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 iliifungua Dodoma kwa wageni, na baadaye wakaja wenye mashine za sauti. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mengi, Wagogo wakiwamo. Ile ni hazina, na tunamshukuru. Ila mashine yake ilichukua wimbo ikaacha kazi iliyouzaa wimbo.

Na kazi yenyewe ni kubwa. Itazame ilimba. Ni kasha la mbao lenye vijiti vya chuma vilivyopangwa safu kwa safu. Baadhi hupigwa kwa vidole, vingine haviguswi kabisa, hutetema vyenyewe vikiitikia wenzao. Kwenye kasha hutobolewa matundu na kuzibwa kwa utando wa buibui, ndipo sauti ipate ule mkwaruzo mtamu unaoifanya ilimba iwe ilimba. Anayesikiliza kanda hawezi kumwona fundi akihangaika na utando huo, wala kujua ni mara ngapi umechanika mkononi mwake.

Aliyeifikisha sauti hiyo mbali kuliko wote ni Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doma, mkoani Dodoma. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye Bagamoyo ikawa makao yake. Santuri ya Tanzania Yetu ilitoka mwaka 1985, Chibite ikafuata mwaka 1996, kisha Assembly, aliyoifanya na Michael Brook, mwaka 2002. Alifariki Desemba 2003. Ulimwengu ulimfahamu akiwa jukwaani, amevaa, amejipanga. Mazoezi yake ya nyumbani, watoto wakiwa wamemzunguka, hatukuonyeshwa vya kutosha, na hilo linaniuma hadi leo.

Kamera za filamu ndefu zilikuja yeye ameshaondoka. Throw Down Your Heart ya Sascha Paladino, iliyotoka mwaka 2008, ilipita Tanzania, lakini mhusika mkuu wake ni Béla Fleck, mpiga banjo wa Marekani. Mwaka 2011 ikaja Africa: The Beat, iliyopigwa katika kijiji cha Nzali, wilayani Chamwino, Polo Vallejo wa Hispania akiwa mmoja wa waongozaji. Huyu alikuwa akiusoma muziki wa Wagogo kwa miaka mingi, na uvumilivu wake unaonekana. Kamera inakaa kijijini, na tunauona muziki ukiwa ndani ya maisha: shambani, jandoni, uani. Kwangu mimi ndiyo filamu iliyoukaribia ukweli zaidi, kwa sababu Nzali hakuna pazia. Anayelima ndiye anayeimba.

Kilichokaa gizani muda mrefu zaidi ni kazi ya wanawake. Muheme ni ngoma yao. Huibana mapajani na kuipiga kwa viganja huku wakiimba na kuisogeza miili yao pamoja nayo. Hata hivyo majina yaliyoandikwa kwenye majalada yalikuwa ya wanaume. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, walitoa albamu yao wenyewe, Maisha, kwa jina la The Zawose Queens, baada ya miaka ya kuwaitikia wanaume.

Tamasha la muziki wa Wagogo limekuwa likifanyika Chamwino tangu mwaka 2009, na kutoka Majengo mtu hufika huko kwa basi. Simu zinazopiga picha jukwaani ni nyingi. Mimi ningependa mojawapo ifike siku moja kabla, vikundi vinapokosoana na wazee wanapokaza nyuzi za zeze, na ibaki hapo hadi mazoezi yaishe.