Matundu Mawili ya Karatasi

Ndugu wanachama, habari za maghala na mizani za miaka hii kumi zimesimuliwa sana. Za matundu mawili yaliyo pembeni mwa kila stakabadhi yenu hazijapata msimuliaji.

Asili yake ni Ujerumani. Mwaka 1886 Friedrich Soennecken wa mji wa Bonn alipata hataza ya chombo cha kutobolea karatasi. Mwaka 1896 Louis Leitz wa Stuttgart akatengeneza jalada lenye wenzo wa kulifungua na kulifunga. Baadaye mataifa yakapatana: tundu na tundu milimita 80, upana wa kila moja milimita 6.

Lakini chombo cha mkono hutoboa karatasi chache tu. Wapiga chapa hutumia keekee ya karatasi, ambayo ni bomba lenye makali mdomoni; huzunguka likishuka katika rundo zima, na vipande vilivyokatwa hupanda kwa ndani. Makali yakifa, bomba hupata moto na karatasi hugandamana.

Sisi tulianza kwa msumari na uzi. Msimu wa kwanza tundu moja liliraruka, stakabadhi ya mzee mmoja ikaanguka, na malipo yake ya pili yakakawia mpaka tulipoiokota nyuma ya kabati, pembe imeliwa na mende. Muda wote huo alifika ofisini kila Jumatatu, akaketi, asiseme neno. Tuliona haya kuliko kama angalitutukana. Hata leo, kabla ya kupokea fedha, huomba kwanza aonyeshwe jalada.