Mbari za Milimani: Kutoka Gambaragara hadi Kitabu cha Mchezo

Mwaka 2004 kampuni ya Wizards of the Coast ya Marekani ilitoa kitabu kiitwacho Races of Stone, nyongeza ya mchezo wa Dungeons & Dragons uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974. Katika mchezo huo kila mchezaji huvaa nafsi ya mhusika wa kubuni, naye mwongozaji husimulia dunia wanamopita. Kitabu hicho kinahusu viumbe wa milimani: watu wafupi wachimbao miamba, majitu yaitwayo goliath yaishiyo vileleni, na kadhalika. Kila mbari imegawiwa umbo, dini, tabia na alama zake. Wale wafupi, kwa mfano, huongezewa alama 2 za ustahimilivu na kupunguziwa 2 za mvuto. (Neno mbilikimo, ambalo mfasiri angelikimbilia, ninaliepuka kwa makusudi, kwani limekwisha kubandikwa watu halisi wa msitu wa Ituri.)

Mchezo ni mchezo, wala sikusudii kuushitaki. Linalomhusu mtu wa taaluma ya lugha ni ule utaratibu wa kuorodhesha: mlima mmoja, mbari moja, tabia moja. Zaidi ya karne moja kabla ya kitabu hicho, utaratibu huo ulikuwa umekwisha kutumiwa juu ya watu wenye pumzi, mashariki ya nchi yetu.

Mnamo Januari 1876, akielekea ziwa la Muta Nzige pamoja na askari wa Kabaka Mutesa, Henry Morton Stanley aliandika habari za mlima Gambaragara, ambao juu yake, kwa masimulizi aliyopewa, waliishi watu weupe wa ngozi. Mlima wenyewe hakuupanda. Habari hiyo ilienea Ulaya na Marekani kwa njia ya magazeti, na wasomaji wa zama zile walikuwa tayari kuiamini. Mwaka 1887 H. Rider Haggard alitoa riwaya ya Allan Quatermain, ambamo wasafiri wanaanzia Lamu, wanapita Mlima Kenya, na hatimaye wanafikia ufalme wa watu weupe uliojificha barani. Mwaka 1913 Edgar Rice Burroughs naye akampeleka Tarzan katika mji uliopotea wa Opar. Gygax alipowataja mwaka 1979 waandishi waliomchochea, Burroughs alikuwamo. Ni kweli kwamba wale wachimba miamba wana asili yao katika ngano za Ulaya ya kaskazini. Lakini desturi ya kumweka kila mlima watu wake wa ajabu ilipitia pia huku kwetu.

Safari iliyomrudisha Stanley kwenye milima hiyo ilianzia jirani nasi. Tarehe 28 Juni 1887 aliondoka Yambuya, kwenye mto Aruwimi, akimtafuta Emin Pasha. Ni mwaka uleule ambao Tippu Tip alifanywa gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani hii. Wengi wa wapagazi wake walikuwa Wazanzibari. Tarehe 24 Mei 1888, si mbali na Ziwa Albert, kijana mmoja alimwonyesha mlima uliosemwa kuwa umefunikwa na chumvi. Ilikuwa theluji ya Ruwenzori. Tusimcheke kijana yule: chini ya mlima huohuo, huko Katwe, kuna ziwa la chumvi ambayo biashara yake ilijulikana mbali. Wenyeji wa miteremkoni hawakuhitaji mfano huo, kwa kuwa theluji wanayo kwa jina lake, nzururu, na ndiyo iliyozaa jina Rwenzururu.

Watu weupe hawakuonekana. Waliokutwa ni wakulima, ambao Stanley aliwaandika Wakonju, kwa kiambishi wa- cha Kiswahili cha msafara. Wao walilima miteremkoni, na kilele walimwachia Kitasamba, mwenye theluji. Hapakuwa na lolote la kuwafanya mbari ya pekee.

Hata hivyo waliorodheshwa, tena mara mbili. Mapatano ya mwaka 1910 kati ya Uingereza na Ubelgiji yaliupasua mlima: upande wa Kongo wakazoeleka kuitwa Wanande, upande wa Uganda Wakonzo. Malcolm Guthrie alipopanga lugha za Kibantu mwaka 1948 aliwapa namba mbili, D.41 na D.42, ingawa wasemaji husikilizana na wanaisimu wengi huziona kuwa lahaja za lugha moja. Huko Uganda, Wakonzo waliowekwa chini ya Toro walitangaza dola yao ya Rwenzururu tarehe 30 Juni 1962, wakiongozwa na Isaya Mukirane, na vita havikutulia hadi 1982. Ufalme wao ulitambuliwa na serikali mwaka 2009. Mwezi Novemba 2016 askari wa serikali waliishambulia ikulu ya Kasese, na zaidi ya watu 100 wakauawa. Miongoni mwa tuhuma za serikali ilikuwamo ile ya kutaka kuunda dola ya Yiira, itakayounganisha pande mbili za mpaka. Kwa hiyo kusema kwamba Wanande na Wakonzo ni wamoja, jambo ambalo darasani ni la fonolojia na msamiati tu, kule mpakani laweza kusikika kama uhaini.

Waandishi wa mchezo, kwa upande wao, wamekwisha kulitafakari neno lao. Katika kitabu cha wachezaji kilichotolewa upya mwaka 2024, neno la mbari liliondolewa na mahali pake pakawekwa spishi. Katika majedwali tunayowapa wanafunzi wetu hapa Makiso, D.41 na D.42 zingali zimeandikwa katika mistari miwili.