Toni ya CTCSS

Toni ya CTCSS ni sauti nzito isiyokoma inayorushwa pamoja na mazungumzo ili kufungua redio ya upepo au ripita (kituo kinachopokea na kurusha upya mawimbi) inayopokea. Toni za kawaida huanzia 67.0 Hz hadi 254.1 Hz, chini ya sauti ya mazungumzo, ambayo redio huipitisha kuanzia karibu 300 Hz. Kichujio huiondoa toni kabla haijafika kwenye spika.

Ripita hutegwa toni ili isiamshwe na mvumo au mawimbi ya kituo kingine. Mtumiaji aliye mbali na mnara wa ripita, mathalani kwenye maeneo yenye vilima, anaweza kuwa na mawimbi yenye nguvu ya kutosha na bado asisikike kwa kukosa toni.

Kwenye redio ya Baofeng UV-5R, T-CTCS huweka toni ya kurushia, na R-CTCS toni ya kupokelea. Anayeanza aweke ya kurushia tu na aiache ya kupokelea ikiwa imezimwa, ili asikie kila kituo. Tofauti kati ya masafa ya kurushia na ya kupokelea nayo iwekwe sawasawa; kwenye bendi ya mita 2 huwa kwa kawaida 600 kHz.

Toni haifichi mazungumzo: redio isiyotegwa toni huyasikia yote. Nchini Tanzania, ambako ishara za vituo vya ridhaa huanza na 5H au 5I, leseni ya vituo hivyo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA).