Tarehe ya Ukoo wa Fruehauf, Wahunzi wa Tela

Dereva anayetoka bandari ya Dar es Salaam na semi, shingo ya tela imelala mgongoni mwa kichwa cha lori na kingpini, pini inayoviunga viwili hivyo, imeuma barabara, anavuta kazi ya mhunzi. Mhunzi huyo ni August Charles Fruehauf wa Detroit, katika jimbo la Michigan, Marekani. Wako wanaobisha, na watasikilizwa hapa chini, lakini kwa zamu yao.

Jina Fruehauf ni la Kijerumani na maana yake ni kama kusema mrauka, mtu wa kuamka na majogoo. August alifua vyuma, akavisha farasi viatu na kuunda mikokoteni. Januari 1914 Henry Ford alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku katika kiwanda chake cha Highland Park, pua na mdomo na Detroit. Mhunzi aliyekuwa jirani na kiwanda kile hakuhitaji mpiga ramli kumwambia kwamba kwato zinapungua mjini.

Mwaka huohuo alijiwa na Frederic Sibley, tajiri wa mbao. Sibley alikuwa na mashua na gari la Ford Model T, lenye nguvu ya farasi 20 tu, na alitaka kuipeleka mashua kwake mapumzikoni, kaskazini mwa Michigan. Farasi wangechukua siku nyingi. August na fundi mwenziwe, Otto Neumann, wakaunda chombo cha magurudumu mawili na kukifunga nyuma ya Ford. Mashua ikafika. Wazee hawasimulii Sibley alivua samaki wangapi. Wanachosimulia ni kwamba aliporudi aliagiza vyombo vingine vya aina ile kwa ajili ya mbao zake. August akakiita chombo kile semi-trailer, yaani nusu-tela, na ndilo jina ambalo madereva wetu wamelifupisha kuwa semi.

Hapo kwenye nusu ndipo penye ufundi wote. Tela la pulling lina magurudumu mbele na nyuma, na mzigo wake linaubeba lenyewe. Semi haina magurudumu ya mbele: sehemu ya uzito wake huikabidhi ekseli ya nyuma ya kichwa, na matairi yanayovuta yakashika ardhi vizuri zaidi. Tena kichwa kinaweza kuliacha tela na kwenda zake. Mwenye kichwa kimoja na matela matatu huwa na moja linapakiwa, la pili liko njiani, la tatu linapakuliwa, na dereva hakai kusubiri makuli. Tangazo la kampuni lilikuwa hoja ya mtu aliyekaa na wanyama: farasi huvuta mzigo mkubwa kuliko anaoweza kuubeba, na lori ni vivyo hivyo.

Sasa wabishi. Watu wa Cleveland husema mwanzo ni wao, kupitia Alexander Winton, Mskoti aliyekuwa fundi wa baiskeli kabla ya kuunda magari. Winton alianza kuuza magari 1898, akauza 22 mwaka ule, na wateja wengine walikuwa mbali. Kuliendesha gari jipya hadi kwa mnunuzi ni kulichakaza kabla hajaligusa. Basi akatengeneza kitoroli kilichoegemea nyuma ya gari jingine, gari jipya likapandishwa juu na kufungwa kamba. Hayo ni kweli, na yalitangulia mashua ya Sibley kwa zaidi ya miaka 10.

Winton huyu alikuwa na ulimi mkali. Mmoja wa wateja wake wa 1898 alikuwa James Ward Packard, ambaye gari lake lilimsumbua. Alipokwenda kulalamika, Winton alimjibu kwamba kama anajua zaidi, akaunde lake. Packard akaunda, 1899, na baadaye kampuni yake ikahamia palepale Detroit. Winton aliacha kutengeneza magari 1924.

Lakini tela la Winton lilibeba magari ya Winton, likaishia hapo. Fruehauf alimuuzia tela kila mwenye mbao, maziwa au samani, na kwa hesabu hiyo mwandishi huyu anampa mhunzi ushindi. Charles Martin wa Massachusetts na John Endebrock wa Cincinnati nao walikuwamo katika kazi hii ya matela.

Kampuni ilisajiliwa 1918. August alifariki 1930, na usukani ukabaki kwa wanawe. Kufikia miaka ya 1950 hakukuwa na mtengenezaji wa matela aliyewapita duniani, na hapo ndipo ndugu walipogombana. Harvey, kaka mtu, na Roy, mdogo wake, walisimama pande mbili. 1953 George Kolowich, bwana wa meli za maziwani, aliinyemelea kampuni kwa njia ya hisa. Roy akamwendea Dave Beck, mkuu wa Teamsters, chama cha madereva wa malori, na dola milioni 1.5 za chama zikasaidia kumwokoa. Mwenye kiwanda kuokolewa na fedha za madereva! Mwaka uliofuata Beck naye alihitaji dola 200,000, na Roy akashiriki kumpatia mkopo. Serikali ikawashtaki Roy na Beck kwa mkopo huo 1959, shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwishowe wakaachiwa huru.

Wakati ndugu wanavutana, tela lenyewe lilikuwa likigeuka kuwa kontena. Aprili 26, 1956, meli Ideal-X ya Malcom McLean ilitoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Fundi wake, Keith Tantlinger, alikuwa wa kampuni ya matela ya Brown, Spokane, siyo ya Fruehauf, na hili lazima likubaliwe hata na sisi wa upande wa mhunzi. Baadaye Fruehauf walimchukua. Makontena yanayopanda kwenda Kongo na Rwanda juu ya semi bado hukamatwa pembeni kwa vyuma vya kuzungusha, ufundi wa Tantlinger.

1986 mabwana wa kampuni, wakimkimbia mnunuzi aliyeitwa Asher Edelman, waliinunua wenyewe kwa mikopo, na madeni yakailemea. Oktoba 1996 ilifilisika, na 1997 Wabash ya Indiana ikanunua biashara ya matela. Nchini Ufaransa, mjini Auxerre, matela ya jina la Fruehauf bado yanatoka kiwandani. Wenye kiwanda tangu 2015 ni Wielton, Wapolandi.