Sauti kwa Amri: Kutoka Jina la Bububu hadi Programu ya Sampuli za Sauti

1.0 Utangulizi

Bububu ni mji mdogo ulio kiasi cha maili saba kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye barabara iendayo Mahonda. Wapo wanaosema kwamba mahali hapo palipewa jina na mlio wa garimoshi, kwani tangu mwaka 1905 hadi miaka ya 1920 reli iliyojengwa na kampuni ya Arnold, Cheney ya New York ilitoka Ngome Kongwe hadi hapo. Dai hilo halisimami. Sayyida Salme binti Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, alieleza maisha yake ya Bububu katika kumbukumbu alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886. Jina, basi, limelitangulia garimoshi kwa takriban miaka arobaini. Maelezo yenye nguvu zaidi ni yale yanayolihusisha jina na maji ya chemchemi, nayo yanaungwa mkono na kitenzi bubujika.

Isimu huliita neno la aina hii tanakali sauti: sauti ya ulimwengu iliyonaswa kwa silabi, ikapewa jina, ikawa yaweza kuitwa tena wakati wowote. Mhadhara huu unafuatilia historia ya kazi hiyohiyo ilipohamia katika mashine, hadi kufikia programu za kompyuta zinazopiga sampuli za sauti kwa amri za maandishi. Swali lake ni moja: anayeziita sauti hizo anaziita kwa lugha ya nani, na kwa kanuni ya nani?

2.0 Kinanda, Santuri na Sampuli

Msamiati wa Kiswahili umehifadhi hatua za historia hii. Kinanda, katika kamusi za karne ya 19, ni ala ya nyuzi. Baadaye neno likahamia kwenye piano, kisha kwenye kinanda cha umeme. Santuri ni ala ya nyuzi zinazogongwa huko Uajemi na Iraki. Pwani ya Afrika Mashariki jina hilo likapewa mashine ya kupigia sahani, na hatimaye sahani zenyewe. Ndilo jina lililotumika sauti ya Siti binti Saad iliporejea Unguja katika sahani, baada ya yeye na wenzake kurekodiwa Bombay na kampuni ya HMV mwaka 1928.

Sahani hurudia wimbo mzima kama ulivyoimbwa. Ala ya sampuli hufanya jambo tofauti: huhifadhi mlio mmoja mmoja na kuufunga kwenye kibonyezo, ili mpigaji atunge wimbo mpya kwa milio ya zamani. Mellotron, iliyotoka Uingereza mwaka 1963, ilitumia vipande vya utepe. Fairlight, iliyotoka Australia mwaka 1979, iligeuza mlio kuwa tarakimu. Mwaka 1983 ukaja mfumo wa MIDI, unaokipa kila kibonyezo namba kati ya 0 na 127. Tangu hapo kinanda cha kampuni moja kiliweza kuamrisha ala ya kampuni nyingine.

3.0 Kinanda cha Umeme na Kanuni

Katika miaka ya 1990 taarabu ya kisasa ilikipa kinanda cha umeme nafasi iliyokuwa ya fidla na kanuni. Sababu zake zilikuwa wazi: mtu mmoja aliweza kufanya kazi ya kikundi, na gharama ya kusafiri ikapungua. Lakini milio iliyokuwamo ilikuwa imechaguliwa na kupimwa kiwandani. Kinanda hugawa oktavu katika nusu toni 12 zilizo sawa, kila moja ikiwa na senti 100. Maqamu ya rasti huhitaji noti ya tatu iliyo karibu na senti 350, ilhali kinanda kina 300 na 400 tu. Mpiga kanuni huipata noti hiyo kwa kuinua au kushusha vibati vidogo vilivyo kando ya nyuzi. Vilikuwapo vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Waarabu vyenye uwezo wa robo toni; hata hivyo, milio yake nayo ilitoka kiwandani.

Kiswahili kinaita ala hiyo kanuni, na sheria pia kanuni. Aliyepoteza kanuni ya kwanza alijikuta chini ya kanuni ya pili, iliyotungwa na wengine.

4.0 Amri za Maandishi

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Benno Senoner na Christian Schoenebeck walianza kuunda LinuxSampler. Injini ya programu hiyo haina dirisha wala picha ya vibonyezo, husubiri maandishi. Mtumiaji huandika amri mojamoja: ya kwanza huteua mlango wa kutolea sauti, ya pili, mlango wa kupokelea ishara za kinanda, ya tatu huunda mkondo, ya nne huchagua injini ya kusoma faili, ya tano hupakia ala kwa kutaja mahali faili lilipo. Kila amri hujibiwa kwa maandishi kwamba imetekelezwa au imeshindikana. Amri zote zaweza kuwekwa katika faili moja na kurudiwa kila siku bila kubadilika.

Tuseme mpiga kanuni wa Bububu amerekodi nyuzi zake, kila mlio katika faili lake. Ataandika faili la aina ya SFZ, ambalo ni maandishi matupu, akieleza kila mlio uitikie kibonyezo kipi na upandishwe au ushushwe kwa senti ngapi. Akishusha senti 50 kwenye noti ya tatu, 400 inakuwa 350, na rasti imerudi. Uamuzi uliokuwa wa kiwanda umekuwa wake, nao unasomeka, unasahihishika na unafundishika.

5.0 Lugha ya Amri

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, na menyu za programu ya ofisi zikasomeka kwa Kiswahili. Amri za LinuxSampler zimebaki za Kiingereza. Kilicho huru ni majina, kama yale ya mafaili. Hivyo nomino zaweza kuwa za mtumiaji, lakini vitenzi ni vya wengine.

Kuvitafsiri si kazi ya kamusi peke yake. Mtunzi wa istilahi ataamua kama mashine iambiwe pakia ala, au ipakie ala, ambapo kiambishi cha yambwa hubadili irabu ya mwisho. Lililo fupi hukumbukwa upesi. Lenye upatanisho hueleza zaidi. Uamuzi huo ni wa sarufi kabla ya kuwa wa kompyuta.

6.0 Hitimisho

Wenyeji wa Bububu walioita mahali kwa mlio wake walichagua wenyewe sauti na silabi za kuihifadhi. Mstari wa amri umewarudishia wanamuziki uchaguzi wa sauti. Uchaguzi wa maneno ya kuiita unawangoja wanaisimu, na wanafunzi wa Kiswahili wana ujuzi wote unaohitajika kuuanza.