Tufaa Lililochelewa: Historia ya Keki ya Viungo Nyanda za Juu Kusini

Keki ya matufaa inayookwa majumbani katika mtaa wa Soweto jijini Mbeya, na vilevile Iringa, haina mapambo. Ni unga wa ngano, mayai, sukari, siagi ya kopo au mafuta, maziwa kidogo, bekin pauda, mdalasini, iliki ya kutwanga, na matufaa mawili matatu yaliyomenywa na kukatwa vipande vidogo. Anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani ilitoka Ulaya ikiwa kamili, ndani ya daftari la mapishi la mke wa mmisionari. Haikuwa hivyo. Namna ya kuioka na viungo vyake vilitoka pwani, unga ukaja na misheni, na tufaa, lenye kuipa keki jina, lilichelewa kuliko vyote.

Kilichotangulia ni moto. Kabla ya nyumba nyingi za Waswahili kuwa na oveni, mkate wa kumimina na mkate wa mayai viliokwa kwa kupalia makaa: sufuria huwekwa juu ya moto mdogo, hufunikwa kwa mfuniko wa bati au sinia, kisha makaa ya moto hupangwa juu ya mfuniko. Makaa ya juu huwa mengi kuliko ya chini, kwa sababu kitako cha sufuria hupokea moto moja kwa moja na huungua upesi, ilhali uso wa keki husubiri joto linaloshuka kupitia hewa. Ufundi huu ulipanda bara pamoja na wafanyabiashara, askari na familia zao, na ndio unaotumika hadi leo Soweto katika nyumba isiyo na jiko la umeme au la gesi. Wengine huweka mchanga ndani ya sufuria kubwa na kutumbukiza ndogo humo ili joto lisambae sawasawa. Mpishi mzoefu hafunui ovyo. Harufu ya mdalasini humwambia wakati wa kuchoma kijiti katikati ya keki, na kijiti kikitoka kikavu, makaa huondolewa.

Viungo navyo vilifuata njia hiyo. Mdalasini na iliki vilikuwa bidhaa za Bahari ya Hindi karne nyingi kabla Wajerumani hawajafungua kituo cha utafiti wa mimea huko Amani, Usambara, mwaka 1902, ambako mazao ya aina nyingi za nchi za joto yalijaribiwa. Nyanda za Juu Kusini, iliki ilizoeleka kwanza katika chai na maandazi. Keki iliirithi kutoka huko, ndiyo maana keki ya matufaa ya Mbeya hunukia andazi zaidi kuliko keki ya Berlin.

Unga una historia nyingine. Mwaka 1891 Wamoravian walifika Rungwe, na mwaka huohuo Misheni ya Berlin, ikiongozwa na Alexander Merensky, ikafungua kituo chake cha kwanza katika nchi ya Wanyakyusa. Baadaye Waluteri wa Berlin walisambaa hadi Ukinga, Ubena na Uhehe. Kituo chao kimoja katika Kilolo ya leo bado kinaitwa Pommern, jina la jimbo la Ujerumani ya wakati huo. Wamisionari walitaka mkate, na ngano ikastawi katika baridi ya milima, hasa Ukinga, ambako ndiko Makete ya sasa. Mwaka huo wa 1891 pia, mfamasia August Oetker alinunua duka la dawa mjini Bielefeld, na miaka michache baadaye akawa anawauzia akina mama wa Ujerumani bekin pauda katika vipakiti vilivyopimwa kabisa. Bila bekin pauda, keki kama hii ingehitaji hamira na saa nyingi za kuumuka, jambo gumu katika asubuhi za baridi za Mbeya.

Kwa muda mrefu keki ilibaki chakula cha Wazungu. Mji wa Mbeya wenyewe ulianza mwaka 1927, siku za dhahabu ya Lupa, na Iringa kulikuwa na walowezi Waingereza, Wajerumani na Wagiriki. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia waliongezeka wakimbizi wa Poland, waliowekwa katika kambi za Ifunda na Kidugala. Kwa Wapoland keki ya tufaa ni pishi la kila nyumba, na mwandishi anayependa hadithi nyepesi angeanzia hapo. Lakini kambi zilifungwa baada ya vita, na kinachoonekana zaidi katika ardhi ile ni makaburi yao.

Baada ya uhuru keki iliingia katika harusi, ubatizo na kipaimara, ila kuioka nyumbani kulitegemea upatikanaji wa vitu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, vita vya Kagera vilipokutana na uchumi uliodorora, sukari, unga wa ngano na mafuta ya kupikia vilikuwa bidhaa adimu, na mwaka 1983 serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi. Keki ilikuwa anasa. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, unga ulirudi madukani, na pamoja nao desturi ya kuoka.

Tufaa bado lilikuwa mbali, na hapa historia ya keki inaingia katika siasa. Mashamba makubwa ya matufaa yanayoweza kuifikia Mbeya kwa barabara yako kusini kabisa mwa bara, katika eneo la Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, ambako Waholanzi walichuma tufaa la kwanza mwaka 1662. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa miongoni mwa waliohutubia mkutano wa London wa tarehe 26 Juni 1959 uliozindua kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini, na matunda yalikuwa mstari wa mbele katika bidhaa hizo. Nchi yake huru ikaendeleza msimamo huo hadi ubaguzi wa rangi ulipoanguka. Hivyo mtaa wenye jina la kitongoji cha Johannesburg haukuwa na njia halali ya kupata tufaa la huko. Baada ya 1994 malori yalianza kulileta kupitia Zambia na mpaka wa Tunduma, kama kilomita 100 kutoka Mbeya. Huvunwa kati ya Februari na Mei, hutunzwa katika vyumba vya baridi, na huuzwa mwaka mzima kwa bei ya tunda la mgonjwa au la mgeni.

Njia ya pili ya kupata tufaa ni mashamba ya Njombe, Makete na sehemu za Mbeya na Iringa. Aina nyingi za matufaa ya Ulaya hudai takriban saa 1,000 za baridi ili zichipue vizuri, nazo hazipatikani hapa hata Juni na Julai, uwanda wa juu wa Kitulo unapoganda kwa jalidi. Zinazofaa ni aina zenye madai madogo, kama Anna, iliyozalishwa Israeli katika miaka ya 1950, ambayo hutosheka na chini ya saa 300. Katika nchi za tropiki wakulima wengi hupukutisha majani kwa mkono baada ya mavuno, ili mti udanganyike kuwa kipupwe kimepita na utoe maua mapya.

Mwinuko unamhusu mpishi pia. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hewa nyepesi huifanya keki iumuke haraka kisha ibonyee katikati. Anayefuata kipimo cha kitabu cha Dar es Salaam hupunguza bekin pauda kidogo. Tufaa nalo huongeza maji, hivyo maziwa hupunguzwa. Tufaa gumu na chachu hubaki vipande ndani ya keki. Laini na tamu huyeyuka na kuulainisha unga, na hapo sukari hupunguzwa.