Binti Aliyeshika Kamba

Sisi wakazi wa Musoma na Bunda tunalijua Ziwa Victoria. Injini ikizima katikati ya mawimbi, hata mvuvi mzoefu husali. Kwa hiyo habari za Yusra Mardini, ingawa ni binti wa mbali, tunaweza kuzielewa.

Yusra alizaliwa Damascus, Syria, mwaka 1998. Baba yake, kocha wa kuogelea, alimfundisha tangu utotoni. Vita viliharibu nyumba yao, na Agosti 2015, akiwa na miaka 17, alikimbia nchi pamoja na dada yake Sara. Kutoka pwani ya Uturuki walipanda boti ya mpira kwenda kisiwa cha Lesbos, Ugiriki. Boti ya watu sita au saba ilibeba watu wapatao 20. Injini ikazima, maji yakaanza kuingia. Sara akajitosa baharini, Yusra akamfuata. Walishika kamba za boti, wakaipunguzia mzigo na kusaidia kuiongoza kwa zaidi ya saa tatu, hadi wote wakafika wazima.

Ujerumani ilimpokea, na klabu moja ya Berlin ikampa bwawa na kocha. Mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, alikuwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki. Walikuwa wanamichezo 10, watano kati yao wakimbiaji wa Sudan Kusini waliokuwa wakiishi Kenya. Yusra aliongoza kundi lake la mchujo katika mita 100 za mtindo wa kipepeo, lakini muda wake haukutosha kumvusha. Hakupata medali.

Ndugu msomaji, kipaji chake kilikuwa kimekwisha kufanya kazi kubwa zaidi, usiku, bila mshangiliaji. Mungu hatupi vipawa kwa ajili yetu peke yetu.

Mwaka 1983 mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alitunukiwa Medali ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa jinsi wakimbizi walivyopokelewa Tanzania. Walawi 19 inatuagiza kumpenda mgeni kama mzaliwa, na sababu inayotolewa ni kwamba watu wa Mungu nao walikuwa wageni. Leo, mgeni akibisha hodi kwenye jumuiya yetu, tutamuuliza kwanza anataka nini, au tutampa mahali pa kukaa?